Safari ya Kumwomba Radhi Katekista wa Ole

Tangu nirudi, ndugu zangu wa jumuiya na wenzangu wa redioni mmeniuliza mara nyingi yaliyonikuta Pemba, nami kila mara nimejibu kwa ufupi na kugeuza mazungumzo. Sasa nasikia zimeanza kutembea habari za aina mbili: kwamba nilikwenda kuhubiri, na kwamba nilifukuzwa. Zote mbili si kweli. Kwa desturi yangu ningekasirika, lakini safari yenyewe imeninyang'anya haki ya kuukasirikia uvumi. Ninaandika ili atakayesimulia asimulie kilichotokea, na anitaje mimi kuwa ndiye chanzo.

Nilikwenda kumwomba radhi Mzee Damiano, katekista wa kigango kimoja kidogo cha upande wa Ole, ambaye miaka sita iliyopita nilitangaza redioni kwamba ameuza imani yake. Nilikwenda bila kujua kama atanipokea. Marekebisho niliyoyasoma hewani baada ya kurudi mmekwisha kuyasikia. Yale yalikuwa ya lazima, na yalikuwa mepesi. Habari za tiketi na vitambulisho naziruka, kwani hazina fundisho.

Morogoro hadi bandari ya Unguja

Mnakijua kipindi changu. Kwa miaka kumi na tisa nilijibu maswali ya wasikilizaji juu ya imani Katoliki: sanamu, toharani, ubatizo wa watoto wachanga, mamlaka ya Papa. Niliwajibu Waislamu, Wapentekoste na Wakatoliki waliochoka, na sikumwogopa yeyote, kwa sababu kila nilichokisema kilikuwa na kadi yake: hoja upande wa juu, chanzo upande wa chini. Aliyepiga simu na kuanza na neno "nimesikia" nilimkatiza. Nakumbuka mama mmoja wa Kilosa aliyelia hewani kwa jinsi nilivyomuuliza mara tatu, "Umesikia kwa nani?" Wakati ule niliamini nimemsaidia.

Siku moja nilihitaji mfano kwa ajili ya kipindi cha uthabiti wa imani. Nikasema kwamba huko Pemba, kati ya Chake Chake na Ole, yuko katekista aliyekuwa akiwaongoza waamini wachache wasio na padre wa kudumu, akasilimu ili apewe shamba la mikarafuu. Nikatoa na dalili: ameonekana amevaa kanzu na kofia, ameonekana chini ya jeneza la Kiislamu, ameonekana akianika karafuu za shamba lenyewe. Sikumtaja jina, nikidhani huo ndio uungwana. Katekista wa sehemu ile alikuwa mmoja tu.

Mwaka jana nikapata barua ya muuguzi mmoja aitwaye Felista, aliyehamishiwa bara baada ya kufanya kazi Chake Chake kwa miaka mingi. Ilikuwa na mistari mitatu. "Mwalimu, yule mtu uliyemsema ninamfahamu. Hajaiacha imani hata siku moja. Umesikia kwa nani?"

Nilikaa na barua hiyo miezi minane. Sababu yake haina heshima: nilikuwa nikiitafuta kadi ya kipindi kile, nikitumaini itanitetea. Nilipoipata, mahali pa chanzo nilikuwa nimeandika neno moja tu, "Inasemekana." Ndipo nilipomkumbuka mtu aliyeketi karibu nami kwenye karamu ya upadirisho, akila paja la kuku na kunieleza kisa hicho kati ya tonge na tonge. Jina lake sikuliuliza. Alisema amepata kufika Pemba, nami nikaona yatosha.

Nilifika Unguja siku ya Jumatano, nikakuta meli ya Pemba imeahirishwa kwa sababu ya upepo. Tuliambiwa tungoje hadi saa sita, kisha hadi saa tisa, kisha hadi kesho yake, na kila tangazo liliwafanya abiria wahamishe mizigo yao kutoka kivuli kimoja hadi kingine. Nilipomuuliza mwanamke wa kando yangu kama kiti kile kina mwenyewe, mwanamume mmoja aliyekuwa akila machungwa aligeuka ghafla. Alisema sauti yangu anaijua. Alikuwa fundi mabomba, Mkatoliki kutoka Songea, akienda Wete kwa kazi ya miezi miwili. Alinishika mkono kwa mikono miwili yenye maji ya machungwa na kunisifu mbele ya watu wote wa benchi lile.

Kisha akasema kwamba kati ya mafundisho yangu yote, lile asilolisahau ni la katekista wa Pemba. Amelisimulia kwa vijana wa parokia yake, na kwa shemeji yake aliyetaka kuoa nje ya Kanisa.

Nikamwambia kisa kile si cha kweli, na kwamba nilikuwa njiani kumwomba radhi mwenyewe. Alinitazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mzee aliyeanza kuchanganyikiwa.

"Mwalimu, hata kama si yeye, wapo."

"Nani?"

"Wapo tu. Wewe usijidhoofishe."

Akanimenyea chungwa. Nililila, kwa kuwa alikuwa amenimenyea kwa heshima, na sikuhisi ladha yake. Tulilala kila mtu kwenye malazi yake na asubuhi tukapanda meli moja, lakini nilikaa upande wa pili ili nisimsikie akinitambulisha kwa watu.

Mkoani hadi Mtambile

Bandarini Mkoani nilipata gari la kwenda Chake Chake, nikaketi mbele karibu na dereva. Nilikuwa nimevaa suti yangu ya kijivu, kwa kuwa niliona haifai kwenda kuomba radhi nikiwa nimevaa ovyo. Tulipokaribia Mtambile, dereva alipunguza mwendo, akaegesha chini ya mikarafuu na kuzima injini. Nikafikiri gari limeharibika. Mbele yetu watu walikuwa wakija barabarani na jeneza, wakienda kwa haraka huku wakisoma kalima.

Wanaume wote waliteremka. Nikabaki ndani na wanawake wawili waliokuwa nyuma. Mmoja akaniuliza kwa upole kama mguu wangu una maumivu. Nikasema hapana. Hakuniuliza tena, ila aliutazama ule mguu.

Nikateremka. Kule hakuna anayebeba toka mwanzo hadi mwisho. Mtu huingia, huchukua hatua chache, humpisha mwenziwe, na kila anayekutana na maiti njiani huona ni deni lake kutia bega. Dereva aliniona nimesimama kando jua likinipiga kichwani, akavua kofia yake ya kitambaa na kunivisha bila kuniuliza, kisha akanisukuma kidogo kwa mgongo wa kiganja. Mtu mmoja akanipisha. Nikajikuta chini ya mti wa jeneza, bega langu la kulia limebeba, mkono umeshika, na mbele yangu shingo ya mtu nisiyemjua inatiririka jasho. Nilihesabu hatua kumi na moja. Kisha nikampisha kijana wa duka aliyekuja mbio akiwa bado na unga mikononi.

Nilipokuwa nikirudi garini ndipo nilipojiona. Nilikuwa nimevaa kofia, nimetoka chini ya jeneza la Kiislamu, na abiria wote ni mashahidi. Kama yule mtu wa paja la kuku angekuwa anapita pale kwa pikipiki, angekuwa na habari kamili ya mtangazaji wa Kikatoliki aliyesilimu Mtambile, yenye dalili mbili kati ya tatu nilizozitoa mimi. Nilimrudishia dereva kofia yake. Akaniuliza kama marehemu ni mtu wangu.

"Simfahamu," nikasema.

"Hata mie," akajibu, akawasha gari.

Chake Chake

Nililala Chake Chake usiku mmoja. Mkahawa niliokula ulikuwa karibu na soko. Waliniletea muhogo wa nazi na samaki changu wa kukaanga, na chai ya mchaichai niliyoongezewa bila kuomba. Mwenye mkahawa alitaka kujua kama nimekuja kununua karafuu au kukagua shule, maana kwa maoni yake mtu wa bara mwenye suti hana kazi ya tatu. Nilimwambia nimekuja kumwona mtu. Akasema basi ni mgonjwa. Nilikubali.

Mezani pale nilitoa karatasi yangu. Nilikuwa nimeandika radhi ya kurasa mbili, nimeipiga chapa, na kila aya ina namba. Katika aya ya pili nilisoma: "kutokana na taarifa zisizo sahihi nilizopewa". Nilipoiandika Morogoro niliiona sentensi nzuri. Sasa niliiona ilivyo: ni mtu anayetubu dhambi ya mwingine. Niliifuta kwa kalamu. Nikaenda aya ya tatu, nikaikuta inaeleza umuhimu wa mada ya kipindi kile, nikaifuta nayo. Nilipomaliza chai zilibaki sentensi mbili, jina lake na jina langu. Nikaikunja karatasi nikaitia mfukoni, na sikuisoma tena.

Ole

Asubuhi ya Ijumaa nilipanda pikipiki hadi Ole, na mwendeshaji akanishusha penye njia ya miguu inayopita kati ya mihogo. Nyumba ya kwanza niliyoifikia, mwanamke wa umri wangu alikuwa ameketi barazani akimenya muhogo. Nilimwamkia, nikauliza nyumba ya Mzee Damiano. Kisu kikasimama.

"Weye ni nduguye?"

"Hapana, Bi."

"Mwanawe?" Akanitazama mvi. "Hapana, huwi mwanawe. Basi mtu wa serikali."

"Wala."

"Maana kama umekuja kumchukua kumpeleka bara, rudi na mkoba wako. Kula anakula hapa. Kufuliwa anafuliwa hapa. Mkewe alipokufa, hamkuja. Mtu mzima leo haoni vizuri, ndiyo mnakuja na mikoba."

Huyo alikuwa Bi Zuwena, mke wa jirani yake Nassor. Nilijaribu kumweleza kwamba sikuja kumchukua mtu, lakini kila nilivyokanusha ndivyo alivyozidi kuamini. Mwisho nikasema nimekuja kumwomba radhi.

"Radhi ya nini?"

"Nilimsema vibaya."

"Wapi?"

"Redioni."

Aliweka kisu chini. Alinipima toka viatu hadi kichwa, na sikuona hasira usoni pake. Niliona kitu kama udadisi. Akapangusa mikono kwa kanga na kusimama.

"Nifuate. Jina lako usilitaje. Mwamkie tu, kwa maamkizi yenu."

Mzee Damiano alikuwa uani kwake, ameketi juu ya kibao cha chini, akichambua choroko kwa vidole. Ni mtu mwembamba, mrefu, mzaliwa wa palepale. Baba yake alikuja kutoka Umakonde kuchuma karafuu, hakurudi. Macho yake yote mawili yalikuwa na ukungu wa mtoto wa jicho. Nilisimama hatua nne kutoka alipo, nikasema, "Tumsifu Yesu Kristo."

Vidole vilisimama ndani ya ungo.

"Bi Zuwena," akasema, "nilikuomba redio hiyo isifunguliwe tena hapa kwangu."

Nimezungumza na maelfu ya watu nisiowaona, sijapata kukosa neno; pale uani, mbele ya mtu mmoja asiyeniona, nilichoweza ni kusogea hatua moja, mchanga ukalia chini ya viatu. Alingoja. Kisha akageuza uso upande wangu taratibu, akaelewa kwamba sauti ile ina miguu.

"Milele, amina," akasema. "Mpe kiti mgeni."

Nilikataa kiti. Nilipiga magoti kwenye mchanga wa ule ua, jambo gumu kwa magoti yangu, nikamwambia nilimsingizia, kwamba sikuwa na ushahidi, kwamba sikuuliza, na kwamba hakuna mwingine wa kulaumiwa. Nikamwomba anisamehe. Hakuniambia ninyanyuke, wala hakuniambia nibaki. Alianza kunisimulia, huku vidole vikirudi kwenye choroko.

Alikuwa msikilizaji wangu tangu kipindi kilipoanza. Redio yake ilinasa vizuri ikitundikwa kwenye dirisha la upande wa bara, na majirani walizoea kuja kumsikiliza "mwalimu wa Damiano", kama walivyoniita. Hawakukubaliana nami, walikuja kwa sababu nilibishana vizuri, na kipindi kikiisha wao walianza wa kwao, wakinywa kahawa. Siku ya kisa kile walikuwepo sita. Alipoisikia sehemu ya Ole alitabasamu, akidhani ninataka kuwasifu. Nilipofika kwenye shamba la mikarafuu hakuna aliyemtazama mwenziwe. Mmoja akakumbuka ng'ombe wake. Mwingine akasema anasikia anaitwa. Waliondoka mmoja mmoja, kila mtu na sababu yake, ili asije mtu akawa shahidi wa aibu yake. Vikombe vilibaki na kahawa ndani.

"Nikaizima mwenyewe," akasema.

Jumapili iliyofuata, viongozi wa kigango walimwomba apumzike kidogo kuongoza ibada hadi jambo litakapofafanuliwa. Hakuna aliyelifafanua. Tangu hapo amekuwa akiketi kwenye benchi la mlangoni.

Nikamuuliza kama aliendelea kwenda muda wote huo.

"Jumapili ni Jumapili," akajibu.

Kisha akaweka ungo chini na kusema neno ambalo sikulitegemea, nami nalinukuu kama lilivyo kwa sababu nimelirudia kichwani kila siku tangu wakati ule.

"Mie umesema nimeuza. Nassor umesema kanunua. Radhi yangu naweza kukupa hapa hapa, ni yangu. Ya Nassor sina. Nenda kaitafute."

Barazani kwa Nassor

Maalim Nassor ni mume wa Bi Zuwena, mwalimu mstaafu wa hesabu, wa ukoo wa Kiarabu ambao zamani ulimiliki mashamba hadi barabara kuu; leo amebakiwa na miti michache nyuma ya nyumba. Katika kadi zangu zote, nilipoiandika habari ile, haikunijia hata mara moja kwamba upo upande wa pili wa biashara niliyoibuni, na kwamba upande huo una jina, una mke na una baraza. Nilijiona mtetezi wa imani yangu. Kumbe nilikuwa nimewashtaki watu wa kijiji kizima kwamba wananunua roho ya jirani yao.

Mimi na Mzee Damiano tulikwenda kwake baada ya sala ya alasiri. Walikuwepo majirani watatu. Nilisimama na kusema niliyoyasema uani, safari hii nikiongeza yao. Maalim Nassor alinisikiliza kama anavyosikilizwa mwanafunzi aliyeitwa ubaoni. Nilipomaliza akaniuliza dalili zangu zilikuwa zipi, nizitaje moja moja.

"Kanzu," nikasema.

"Kanzu nampa mie, kila Idi. Naye Krismasi analeta mbuzi, namchinja mie ili tule sote. Ya pili?"

"Jeneza."

"La mama yangu. Ya tatu?"

"Alianika karafuu za shamba."

"Za marehemu kaka yangu. Mie nilikuwa nimelazwa. Kazianika, kazilinda na mvua, kanikabidhi zote." Akanionyesha vidole vitatu. "Basi dalili zako zote ni za kweli, Mwalimu. Hesabu ndiyo mbovu."

Jirani mmoja mnene, aliyekuwa akishika birika, alidakia kwamba yeye alilibeba jeneza la askari wa Kikristo pale Chake Chake, akamwimbia na wimbo kwa kuwa aliupenda, na anaomba kujua kama amekwisha kubatizwa au bado, maana mkewe atataka kuambiwa mapema. Walicheka. Mzee Damiano naye alicheka, na kicheko chake kilinichoma kuliko kimya chake, kwa kuwa kilionyesha ni mtu wa namna gani niliyemvunjia baraza lake.

Maalim Nassor hakucheka sana. Alisema ananisamehe, kwa kuwa nimekuja mwenyewe badala ya kuleta salamu. Lakini aliongeza kwamba na wao wana lao: siku ile waliinuka kwa kumwonea haya jirani yao, wakapita siku nyingi hawajarudi, wakidhani ni adabu, na kwa adabu hiyo wakamwacha peke yake na maneno yangu. Hilo hawakuwahi kumwambia. Alilisema sasa, mbele yangu, akimgeukia Damiano.

"Tungekaa tu, yakhe. Tungemaliza kahawa."

Mzee Damiano alisema kahawa yenyewe siku ile ilikuwa mbaya.

Bi Zuwena akaleta sinia la bokoboko, ngano na nyama vilivyopondwa pamoja na samli juu. Nilitaka kujiondoa, nilijiona sistahili kula pale. Akaniambia kwamba mtu akiomba radhi halafu akakataa chakula, hiyo radhi kaichukua akaondoka nayo. Nikala. Tulikula kutoka sinia moja, watu sita, na Maalim Nassor akawa anasukuma nyama upande wa Damiano bila kusema, kama mtu aliyezoea.

Nilipokuwa nikinawa, Maalim aliniuliza lini nitarudi bara. Nikasema kesho.

"Kesho Jumamosi," akasema. "Sisi hatukumweka mlangoni. Waliomweka wanakutana keshokutwa."

Kigangoni, siku ya Jumapili

Kigango hicho ni chumba kimoja chenye mabenchi tisa. Waamini ni walimu, askari, wauguzi na wachuma karafuu, karibu wote wa bara. Kiongozi wao ni Mama Roza, mwalimu wa shule ya msingi, mama mkavu wa maneno. Nilimweleza kabla ya ibada nilichokuja kufanya. Mwanzoni hakutaka. Alisema jambo lile limelala, na kuliamsha kutawagawa watu. Nikamjibu kwamba halikulala. Limeketi mlangoni, tumelipita tulipoingia. Alikwenda kuchungulia mlangoni, kana kwamba hajapata kumwona pale, akarudi na kusema nitapewa nafasi kabla ya masomo.

Nilisimama mbele yao bila kadi. Nilisema jina langu, na nikaona vichwa vikiinuka, maana sauti waliijua. Nikawaambia habari niliyoitangaza juu ya katekista wao ni uongo, na kwamba aliyeutunga simjui, lakini aliyeutangaza ni mimi. Nikawaambia kuhusu kanzu, jeneza na karafuu.

Mama Roza akasimama mahali pake.

"Mwalimu, wewe ulitufundisha tuulize. Nani alikwambia?"

"Mtu niliyeketi naye kwenye karamu."

"Anaitwa nani?"

"Sikumuuliza."

Uso wake uliingia haya, nikadhani ni kwa ajili yangu. Lakini aliwageukia wenzake. "Na sisi tulikuwa na mwenyewe hapa," akasema, "kila Jumapili, miaka sita. Nani kati yetu alimuuliza?"

Kisha akachukua kitabu cha masomo juu ya meza, akaenda hadi mlangoni, akakiweka mikononi mwa Mzee Damiano na kumshika kiwiko kumleta mbele.

Alikuja polepole. Alikiweka kitabu mezani, akakifungua penye utepe, akainama. Akakisogeza karibu. Akakiinua hadi kikagusa pua yake. Ndipo wote tulipoelewa. Macho yale yalianza kufifia miaka mitatu iliyopita. Wangempa kitabu kabla ya hapo, angesoma mwenyewe. Jambo hili hakuna radhi iwezayo kulirudisha, na nawaomba mlijue hivyo, kwa sababu baadhi yenu mmeniandikia kwamba mambo yameisha vizuri.

Mama Roza alitaka kukichukua kitabu asome yeye. Mzee Damiano alikishikilia. Akanyoosha mkono wa pili hewani upande niliokuwa, nikaenda, akanishika bega na kunivuta chini hadi mdomo wangu ukawa sikioni mwake.

"Nisomee pole pole," akasema. "Waniskie mie."

Nikasoma kwa kunong'ona, maneno matatu, kisha matatu, naye akayapokea na kuyasema kwa watu kwa sauti kavu ya kizee na lafudhi ya Kipemba. Katikati ya somo nilijisahau, sauti ikapanda kama ilivyozoea. Akanibana bega. Nikaishusha.